TUFUATE MTO KIWIRA
Safari ya watu wa Ikombe mpaka jiji la Mbeya

Je, umewahi kuona nyumba yenye magurudumu? Ukifika Matema wakati wa kiangazi unaweza kuiona. Watalii huja nayo. Kwa nje ni gari. Kwa ndani ni nyumba. Mna kitanda, jiko, kabati la vyombo, pipa la maji na taa. Mwenye gari akipenda mahali, husimama hapo. Hupika, hula, hulala. Kesho yake huwasha gari na nyumba yake inaondoka. Huko Marekani na Ulaya wako wazee wastaafu wanaokaa katika magari ya namna hiyo miezi mingi. Wanazunguka kutazama mito, milima na miji ya nchi yao.

Sisi hatuna gari la namna hiyo. Lakini kutazama nchi yako kwa macho yako mwenyewe si kazi ya watalii peke yao. Mwezi wa nane watu kumi na tisa wa Ikombe na Matema walichanga fedha wakakodi basi dogo, yaani Kosta, kwa siku tatu. Wengi wao walikuwa akina mama wafinyanzi. Walikuwapo pia wavuvi na wakulima. Mimi nilikwenda nao kwa sababu ni Bwana Shamba wao. Tulibeba unga, maharage, dagaa, mikeka na mablanketi. Usiku akina mama walilala ndani ya Kosta. Sisi wanaume tulilala nje chini ya turubai. Kwa siku tatu gari lile lilikuwa nyumba yetu.

Kila mtu alikuwa na sababu yake ya kusafiri. Akina mama walitaka kuona vyungu vyao vinakwenda wapi. Mzee mmoja alikuwa na sababu nyingine. Shamba lake la mpunga liko Kyela, ukingoni mwa mto Kiwira, karibu na ziwa. Kila masika mto unakata kipande cha shamba lile. Alisema hivi: "Bwana Shamba, nimechoka kugombana na maji. Nataka niende nimwone yule anayeniletea."

Basi twende pamoja, ndugu msomaji.

TUNAONDOKA IKOMBE

Wasomaji wa mbali, Ikombe ni kijiji cha wilaya ya Kyela. Kiko kando ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Hapo mlima umefika mpaka majini. Mahali pa kulima ni padogo. Kwa hiyo Wakisi wa Ikombe tangu zamani wanaishi kwa kazi mbili. Wanaume huvua samaki na wanawake hufinyanga vyungu.

Kazi ya kufinyanga ni ya ufundi. Mama hukaa chini na kuweka bonge la udongo juu ya kigae. Kwa mkono mmoja anazungusha kigae, kwa mkono mwingine anainua ukuta wa chungu. Hana mashine. Chungu kikikauka kidogo hukilainisha na kukipaka rangi. Kisha vyungu vinapangwa pamoja na kuchomwa moto. Vyungu vya Wakisi vinajulikana kwa wembamba na wepesi wake, navyo vinapikia vizuri.

Kwa miaka mingi njia ya watu wa Ikombe imekuwa maji na miguu. Vyungu hupakiwa ndani ya mitumbwi na kupelekwa Matema, kwenye soko la Lyulilo. Siku ya soko ni Jumamosi. Hapo wachuuzi hununua na kupeleka vyungu Kyela, Mbeya na mbali zaidi.

Tuliondoka alfajiri. Ziwa lilikuwa limetulia. Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa katika Afrika, baada ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Kina chake kinapita mita 700. Uso wake uko kiasi cha mita 475 juu ya bahari. Weka namba hiyo moyoni, maana safari yetu ni ya kupanda.

TUNAPANDA

Kosta ilitungoja Matema. Tulipakia vyungu juu ya gari, tukavifunga vizuri kwa majani makavu na kamba. Barabara ya kutoka Matema kupitia Ipinda mpaka Kikusya siku hizi ina lami. Pande zote mbili uliona mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, michikichi na mikakao. Nchi ni tambarare kama mkeka.

Baada ya hapo tuliingia barabara kuu iendayo Tukuyu. Sasa gari likaanza kulia. Ilikuwa kona baada ya kona, mlima baada ya mlima. Michikichi ikapungua, migomba ikazidi. Kisha tukaona mashamba ya chai, ya kijani kibichi, yamekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Watu wakafunga vifungo vya makoti. Mama mmoja akasema, "Mbona jua lipo lakini haliwaki?"

Tukuyu iko juu kuliko ziwa kwa zaidi ya mita 1,000. Wakati wa Wajerumani mji huu uliitwa Neu-Langenburg. Juu yake umekaa mlima Rungwe, wenye urefu wa mita zipatazo 2,960. Mlima huu zamani za kale ulikuwa volkano, yaani mlima unaotoa moto na mawe yaliyoyeyuka. Mvua ya Rungwe ni nyingi sana. Mvua hiyo na udongo wa volkano ndivyo vinavyoifanya nchi hii kuwa na rutuba.

Nilimwambia yule mzee: "Baba, udongo mweusi wa shamba lako la mpunga ulitoka huku. Mito iliuchukua polepole kwa miaka mingi sana, ikautandaza Kyela. Mchele wa Kyela unaosifiwa nchi nzima unakula udongo wa milima hii."

Mzee alitazama mlima kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe hawa walinipa kwanza, ndipo wakaanza kuninyang'anya."

Usiku ule tulilala Tukuyu. Tulipika maharage katika chungu cha Ikombe, juu ya mafiga matatu, kando ya gari letu.

DARAJA LISILOJENGWA NA MTU

Asubuhi ya siku ya pili tuliiacha barabara kuu tukaingia njia ya vumbi iendayo mto Kiwira. Mto huu unaanza katika nchi ya juu ya Rungwe na Poroto. Unateremka kwa haraka, unaingia tambarare ya Kyela, na mwisho unamwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Katika nchi ya juu mto umejichimbia korongo. Korongo ni bonde jembamba lenye kuta za mawe pande mbili.

Hapo liko Daraja la Mungu. Ni daraja la jiwe tupu. Mto unapita chini yake na miti imeota juu yake. Halikujengwa na fundi yeyote. Je, lilipatikanaje? Zamani mlima ulitoa lava. Lava ni mawe yaliyoyeyuka kwa moto, yanatiririka kama uji mzito. Uji huo wa mawe ulifika mtoni, ukapoa na kuganda, ukawa mwamba. Lakini maji hayakubali kuzuiwa. Yalitafuta njia chini ya mwamba, yakaipanua mwaka baada ya mwaka. Juu pakabaki daraja.

Tulikaa kimya kulitazama. Maji yalikuwa safi na baridi, maana ilikuwa kiangazi. Wakati wa masika mto huu hubadilika rangi ukawa kama chai ya maziwa. Rangi ile ni udongo. Udongo huo umetoka katika shamba la mtu.

KIJUNGU

Mbele ya hapo pana mahali paitwapo Kijungu. Pako katika eneo la Chuo cha Magereza cha Kiwira, kwa hiyo ni lazima kuomba ruhusa kwanza. Tuliomba, tukaruhusiwa.

Hapo mto unabanwa na majabali. Maji yanaingia kwa nguvu ndani ya shimo la mviringo, yanazunguka na kutoa povu kama chungu kinachochemka. Ndiyo maana pakaitwa Kijungu, yaani chungu kidogo. Shimo kama hili huchimbwa na maji yakisaidiwa na mawe. Jiwe linaingia katika shimo dogo, maji yanalizungusha, nalo linasaga mwamba. Jiwe likiisha linakuja jingine. Baada ya miaka mingi shimo dogo linakuwa kubwa, na ukingo wake unalainika.

Akina mama wa Ikombe walisogea kutazama. Bibi mmoja ambaye amefinyanga tangu utoto alitazama maji yale yakizunguka. Akacheka akasema, "Huyu naye ni Mkisi. Anazungusha kama sisi."

Mzee wa mpunga hakucheka. Alisema, "Kama maji yanaweza kula jiwe, shamba langu la udongo litapona vipi?"

Ndugu msomaji, neno la mzee ni kweli. Maji yanayokwenda kasi yana nguvu nyingi. Kule juu yanabanwa na mwamba. Yakifika Kyela hayana mwamba wa kuyabana, yanakuta udongo laini. Kama ukingo una miti na majani, mizizi inaushika udongo. Kama ukingo uko wazi, mto unajichukulia.

Ukifika Kijungu, jihadhari. Mawe yanateleza. Usisogee ukingoni, na usiache mkono wa mtoto.

MWENYE SHAMBA LA JUU

Tulipokuwa tunarudi garini tulipita kando ya shamba moja lililolimwa mpaka kwenye maji. Lilikuwa na mahindi yaliyovunwa, na matuta yake yalishuka moja kwa moja kuelekea mtoni. Mwenyewe alikuwapo, kijana wa miaka thelathini hivi, analima pamoja na mkewe. Walitusalimu kwa heshima.

Mzee hakukawia. Baada ya salamu alisema, "Mwanangu, mimi natoka chini, ziwani. Mpunga wangu unakwenda na maji kila mwaka. Kwa nini unalima mpaka mtoni?"

Kijana aliweka jembe chini. Akajibu, "Baba, sikukatalii. Lakini shamba langu ni hili tu. Marehemu baba alitugawia ndugu wanne. Sheria inasema mita sitini kutoka mtoni. Nikiacha mita sitini nitabaki na upana wa uwanja wa nyumba. Watoto wangu watakula nini?"

Mzee alinyamaza. Alikuwa amekuja na maneno mengi, lakini swali lile lilikuwa na uzito. Naye pia ana watoto.

Kijana alisema kweli kuhusu sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na shughuli zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Lakini sheria bila njia ya kuishi huogopwa tu. Haifuatwi.

Nilimwomba kijana atuonyeshe ukingo wake. Tulikuta sehemu imebomoka. Alisema masika iliyopita migomba sita ilianguka mtoni na udongo wake. Basi naye alikuwa anapoteza kama mzee. Mto ulikuwa unawala wote wawili, mmoja juu na mwingine chini.

Nilimwuliza kama anafuga. Akasema ana ng'ombe mmoja wa maziwa, anayefungiwa bandani, na kwamba kutafuta majani ni kazi ya mkewe kila siku, mwendo mrefu. Nikamwambia hivi:

"Panda matete katika ukingo. Matete hayalimwi kila mwaka, hukatwa tu. Mizizi yake inabaki ardhini na kushika udongo. Ng'ombe atapata majani karibu, na mama atapumzika. Juu ya matete, geuza matuta yako. Yasiteremke na mlima, yaukate mlima. Tuta likiteremka ni mfereji wa kupeleka udongo wako mtoni. Tuta likikata mlima ni kizuizi. Maji yatasimama na kunywewa na ardhi."

Kijana alifikiri. Mkewe ndiye aliyejibu kwanza: "Matete nitapanda mimi." Kijana akasema, "Matuta nitayageuza kabla ya mvua. Mita sitini siwezi kuahidi. Nitaanza na hatua kumi."

Hatua kumi si mita sitini. Lakini ni zaidi ya sifuri. Na aliyesema ni mwenye shamba mwenyewe, siyo Bwana Shamba. Mzee alimpa mkono. Mama mmoja alishusha chungu kutoka juu ya gari akampa mke wa kijana. Mke wa kijana akasema, "Ndaga fijo," akaingia shambani akarudi na mkungu wa ndizi.

JIJI LA MBEYA

Kutoka Tukuyu mpaka Mbeya ni kiasi cha kilomita 70. Barabara hupita Kiwira na Isongole, inapanda milima ya Poroto, kisha inateremka Uyole. Mimi nilisoma Uyole cheti cha kilimo, nikawaeleza wenzangu jambo moja la nchi hii ambalo wengi hawalijui.

Milima ya Poroto hugawa maji. Mvua ya upande mmoja huingia Kiwira na kwenda Ziwa Nyasa. Mvua ya upande mwingine huenda Usangu, ikaingia mto Ruaha Mkuu, kisha Rufiji. Nyingine huenda Ziwa Rukwa. Maji ya Rukwa hayatoki kwenda baharini. Maji ya Nyasa hutoka kwa mto Shire katika nchi ya Malawi, yakaingia Zambezi na kufika Bahari ya Hindi huko Msumbiji. Kwa hiyo mtu mmoja akikata msitu wa Poroto, hawezi kujua ni nani wote atakaowasumbua.

Mbeya iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi. Ilianza kuwa mji mwaka 1927, wakati watu walipokimbilia dhahabu ya Lupa. Ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Reli ya TAZARA inapita hapo. Reli hiyo ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi katika nchi ya Zambia. Tulikwenda stesheni tukaitazama.

Baadaye tulikwenda soko la Mwanjelwa. Soko la zamani liliungua mwaka 2006, baadaye likajengwa jipya. Akina mama walitembea katika maduka ya vyombo mpaka wakaona vyungu. Waliviinua, wakavigonga kwa kidole, wakatazama rangi. Walijua mara moja kuwa ni vya kwao. Bibi yule wa Kijungu aliuliza bei. Akaambiwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mara ya pili, kana kwamba hakusikia. Alikuwa amesikia.

Hatukumlaumu mwenye duka. Naye alinunua kwa mchuuzi, akalipa kodi na mizigo, na vyungu vingine vilivunjika njiani. Lakini usiku ule ndani ya Kosta akina mama hawakulala mapema. Walihesabu. Nauli ni kiasi gani? Vikivunjika vitano katika mia, inabaki nini? Je, wakileta pamoja mara moja kwa mwezi, badala ya kila mmoja kuuza peke yake Lyulilo? Mama mmoja aliyejifunza kuandika ukubwani aliandika namba zote katika daftari. Baridi ilikuwa kali nje. Sisi wanaume chini ya turubai tulisikia sauti zao mpaka usiku wa manane.

VYUNGU VINAPANDA, MAJI YANASHUKA

Ndugu msomaji, hayo ndiyo niliyoyaona. Vyungu vya Ikombe vinapanda mpaka Mbeya. Maji ya Rungwe yanashuka mpaka Ikombe. Watu wa juu wanapikia vyungu vya watu wa chini. Watu wa chini wanakula samaki na mpunga wa maji ya watu wa juu. Lakini wengi hawajawahi kuonana. Mtu usiyemjua ni rahisi kumlaumu, na ni rahisi zaidi kumsahau.

Kwa hiyo nakushauri mambo haya:

Kwanza, kama unalima kando ya mto, usilime ukingo. Panda matete au miti ya asili inayopenda maji. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi, maana inakunywa maji mengi.

Pili, kama unalima mlimani, matuta yakate mlima. Mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako akusaidie kupima. Kupima hakuhitaji chombo cha gharama. Fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A, kamba na jiwe vinatosha.

Tatu, iko Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Inawaruhusu wananchi wanaotumia mto mmoja kuunda jumuiya ya watumia maji. Kwa mito yetu, waulizeni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye ofisi Tukuyu. Katika jumuiya mtu wa juu na mtu wa chini hukaa meza moja.

Nne, safirini. Watu kumi na tisa wakichanga wanaweza kukodi gari. Chukueni chakula chenu na mablanketi yenu. Chagueni kiangazi, njia zikiwa kavu. Mchukueni mtu anayejua kuandika.

Msomaji, jadili jambo hili na wenzako darasani au barazani: Je, mto wa kijiji chenu unatoka wapi? Unapita katika mashamba ya nani? Ukiondoka kwenu unakwenda kwa nani?

Yule mzee wa mpunga amekwisha kupanda matete katika ukingo wake wa Kyela. Mbegu alizitoa kule juu, kwa yule kijana, akazifunga katika gunia lenye maji. Masika inakaribia. Tutaona.